Wadudu wa Majini: Mashahidi wa Mto Unaonywesha Mifugo Yako



Unapofikisha ng'ombe mtoni unaangalia mambo mengi kwa wakati mmoja: kama kuna mamba, kama ukingo unateleza, kama kuna ndama aliyebaki nyuma. Maji yenyewe unayatazama rangi, unayanusa, kisha unaacha mifugo inywe. Lakini chini ya mawe yale yale ambayo ng'ombe wanayakanyaga wanaishi wadudu wengi wadogo. Hao wako majini usiku na mchana, kwa wiki na miezi. Maji yakiharibika, wao ndio wa kwanza kupata shida.

Kipeperushi hiki kinakuelekeza jinsi ya kuwatafuta wadudu hao, kuwatambua kwa makundi na kuwaandika. Si lazima uwe umesoma sayansi. Unahitaji beseni, chujio, daftari na muda wa saa moja.

KWA NINI JAMBO HILI LINAKUHUSU

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakafa. Watu wa kandokando ya mto walizuiwa kuyatumia. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza tukio hilo ilieleza kuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe waliokuwa wakichungwa katika eneo oevu la mto ni sehemu kubwa ya chanzo. Wapo waliokubali na wapo waliobisha, na mjadala ulikuwa mkali nchi nzima.

Hatuandiki hapa ili kuamua mjadala huo. Tunakuuliza swali moja tu: wiki chache kabla ya tukio lile, mto ulikuwa katika hali gani? Ni mfugaji gani angeweza kufungua daftari na kusema, "Mwezi uliopita, mahali tunaponyweshea, tulikuta wadudu hawa na hawa, juu yetu tulikuta hawa, chini yetu tulikuta hawa"? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Maji nayo ni mali. Asiye na kumbukumbu ya maji yake, siku ya lawama hana la kuonyesha, na siku anapokosea mwenyewe hajui amekosea wapi.

Daftari la wadudu linaweza kukutetea. Linaweza pia kukuonyesha kuwa mifugo yako ndiyo inayoharibu maji. Yote mawili yana faida kwako, maana mto ukifa, ng'ombe wako ndio watakaokosa maji.

WADUDU WA MAJINI NI AKINA NANI?

Wengi wao unawafahamu wakiwa wakubwa. Kereng'ende anayeruka juu ya lambo alianza maisha yake ndani ya maji. Mbu vilevile, na usubi anayeng'ata kando ya mito yenye maji ya kasi vilevile. Mama hutaga mayai majini au karibu na maji, mayai huanguliwa, na mdudu mchanga huishi majini hadi akomae, ndipo hutoka na kuruka. Wengine, kama aina nyingi za mbawakawa wa majini, hubaki majini hata wakiwa wakubwa.

Muda wa kukaa majini hutofautiana. Mbu huweza kumaliza katika wiki moja au mbili. Wadudu wa chini ya mawe hukaa wiki nyingi au miezi. Baadhi ya kereng'ende hukaa mwaka au zaidi. Hapo ndipo ilipo faida yao kwetu. Ukichota maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara, chupa hiyo inaeleza hali ya maji ya saa ile ulipochota. Kama sumu ilipita juzi, chupa ya leo inaweza isioneshe kitu. Lakini wadudu waliokufa juzi, leo hawapo. Kukosekana kwao ni habari.

ENEO LETU HALIJACHUNGUZWA VYA KUTOSHA

Wataalamu wameichunguza zaidi mito ya milimani yenye maji mwaka mzima, kama vile vijito vya Nyangores na Amala vinavyotoka msitu wa Mau nchini Kenya na kuanzisha Mto Mara. Vijito vya nchi kavu, vile vinavyojaa masika na kubaki madimbwi wakati wa kiangazi, vimetazamwa kidogo sana. Lakini hivyo ndivyo vinavyonywesha mifugo mingi.

Hata pale palipochunguzwa, kazi bado ni kubwa. Mwaka 2015 wataalamu watatu walitangaza kwa mara moja aina 60 mpya za kereng'ende wa Afrika, ambao hawakuwa na jina la kisayansi kabla ya hapo. Kama kereng'ende, mdudu mkubwa anayeonekana na kila mtoto, alikuwa bado na aina 60 zisizo na jina, fikiria wale wadogo wanaojificha chini ya mawe. Wengi wao mtaalamu huweza kutaja ukoo tu, si aina yenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlea mdudu mchanga hadi akaruka ili amjue ni nani.

Wala usidhani kuwa nchi kavu haina cha kuchunguza. Kule Nigeria, kwenye vidimbwi vya juu ya miamba vinavyokauka kabisa, yupo mdudu mdogo ambaye akiwa mchanga hukauka pamoja na kidimbwi chake. Watafiti waliwahi kumhifadhi akiwa mkavu kwa miaka 17, wakamwagia maji, akaamka. Wewe mfugaji unajua kila mwamba wenye maji na kila korongo linalobaki na dimbwi katika eneo lako. Mtafiti anayekuja na gari kwa siku tatu hawezi kujua hayo.

VIFAA

1. Chujio la plastiki la jikoni, lenye matundu madogo, lililofungwa kwenye fimbo imara.
2. Beseni jeupe, ili wadudu waonekane vizuri.
3. Kijiko cha plastiki na brashi ndogo au unyoya wa kuku wa kuwahamishia.
4. Daftari na kalamu ya risasi. Wino huyeyuka ukilowa.
5. Viatu vya mpira vya kufika magotini.
6. Simu yenye kamera, kama ipo.

Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa iliyomo kwenye chandarua huua wadudu wa majini na samaki, na utakuwa umeharibu kile unachokichunguza.

USALAMA KWANZA

• Usiingie kwenye mto wenye mamba au viboko. Chagua kijito chenye kina kifupi unapoona chini.
• Usiingie wakati wa mafuriko, au wakati mawingu yametanda upande mto unakotoka.
• Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Usiingie pekupeku, na usiwaache watoto waingie. Chota kwa chujio ukiwa ukingoni.
• Watoto wafanye kazi hii wakiwa na mtu mzima.
• Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

HATUA ZA KUCHUNGUZA

Hatua ya 1: Chagua mahali pawili. Pa kwanza pawe juu ya mahali mnaponyweshea mifugo, pa pili pawe chini yake. Pafanane: kama juu pana mawe, na chini pawe na mawe. Tofauti kati ya mahali hapa pawili ndiyo itakayokuonyesha mchango wa mifugo yenu.

Hatua ya 2: Chagua wakati. Baada ya mafuriko subiri wiki mbili au zaidi, kwa sababu maji mengi huwakumba wadudu wote. Chunguza angalau mara mbili kwa mwaka: mvua zinapokwisha, na katikati ya kiangazi kabla mto haujakatika.

Hatua ya 3: Anza na mahali pa chini, kisha pa juu, ili usitimue matope yakakufuata.

Hatua ya 4: Mawe. Simama ukitazama maji yanakokwenda na uweke chujio mbele ya miguu yako. Sogeza na sugua mawe kwa mguu kwa dakika 2, maji yapeleke wadudu kwenye chujio. Inua mawe matano na uyatazame chini yake.

Hatua ya 5: Majani ya ukingoni. Pitisha chujio ndani ya majani yaliyozama, kwa urefu wa mita 2.

Hatua ya 6: Mchanga na matope. Koroga kwa mguu dakika 1 na upitishe chujio juu yake.

Hatua ya 7: Mimina vyote kwenye beseni lenye maji safi kidogo ya mto. Tulia. Mwanzoni utaona takataka tu, lakini baada ya dakika moja vitu vitaanza kutembea. Tumia dakika 15 kutambua na kuandika.

Hatua ya 8: Warudishe wadudu wote majini.

Fanya vilevile kila mara: dakika zilezile, mahali palepale. Ukibadilisha namna ya kutafuta, hutajua kama kilichobadilika ni mto au ni wewe.

KUTAMBUA MAKUNDI MATATU

Kundi la kwanza: wasiovumilia uchafu

• Mdudu wa mawe mwenye mikia miwili. Hutambaa juu ya jiwe, ana kucha mbili kwenye kila mguu, na vinyweleo vya kupumulia karibu na mizizi ya miguu. Hupenda maji ya baridi yaendayo kasi.
• Mdudu bapa wa mawe. Kichwa ni bapa kama kimekandamizwa, mikia kwa kawaida ni mitatu, na pembeni mwa tumbo ana vijani vya kupumulia vinavyochezacheza. Hung'ang'ania jiwe hata ukilitoa majini.
• Mjenga nyumba. Huonekana kama kipande cha kijiti au kibomba cha mchanga kinachotembea. Ndani yake kuna mdudu laini aliyejijengea nyumba kwa punje za mchanga au vipande vya majani.

Kundi la pili: wanaovumilia kiasi

• Kereng'ende mchanga. Mnene, mwenye macho makubwa na mdomo anaourusha mbele kukamata windo.
• Ndugu yake mwembamba, mwenye vijani vitatu mwishoni mwa mwili.
• Mdudu mdogo mwenye mikia miwili au mitatu anayeogelea kwa kurukaruka kama samaki mdogo.
• Mbawakawa wa majini.
• Mabuu ya usubi, yaliyojishikiza juu ya mawe au majani kwenye maji ya kasi, yamenenepa upande wa chini.
• Kaa na kamba wadogo. Hawa si wadudu, lakini waandike.

Kundi la tatu: wavumilivu

• Vijiminyoo vyekundu vinavyojipinda kama herufi nane. Ni watoto wa visubi visivyouma. Wekundu wao unawasaidia kushika hewa kidogo iliyobaki majini.
• Viluwiluwi vya mbu.
• Buu lenye mkia mrefu kama wa panya. Mkia huo ni bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya maji.
• Ruba, minyoo na konokono.
• Wadudu wanaotembea au kuogelea juu ya maji na kuvuta hewa ya nje.

Tanzania ina mfumo wa kitaalamu wa kuipa mito alama kwa kutumia viumbe hawa, unaoitwa TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuutohoa mfumo wa Afrika Kusini. Kila ukoo hupewa alama kati ya 1 na 15: kadiri unavyoshindwa kuvumilia uchafu, ndivyo alama yake inavyokuwa kubwa. Makundi matatu tuliyokupa hapa ni njia fupi yenye wazo hilohilo.

Usipojua jina la mdudu, usiogope. Andika jina analoitwa kwa lugha yenu, iwe Kimaasai, Kikurya, Kiluo, Kitatoga au nyingine, kisha mchore au mpige picha. Waulize wazee. Waulize pia akina mama na watoto, maana wao ndio wanaochota maji kila siku na mara nyingi wanawajua wadudu hawa kuliko wanaume.

MFANO WA UKURASA WA DAFTARI

Tarehe: ........
Mahali: kijitoni, juu ya kivuko cha ng'ombe
Maji: yanatembea, yanafika kifundo cha mguu, ukiangalia unaona chini
Mifugo inayonyweshwa: ng'ombe takriban 200, mbuzi na kondoo 350
Kundi la kwanza: mdudu bapa 6, mjenga nyumba 3
Kundi la pili: kereng'ende 4, waogeleaji 15, kaa 1
Kundi la tatu: vijiminyoo vyekundu 5, konokono 2
Mengineyo: jirani aliogesha ng'ombe siku nne zilizopita

Mstari huo wa mwisho ni muhimu. Andika mvua, kuogesha, mifugo mingi ya wageni, viboko waliohamia, moto uliochoma ukingo, shamba jipya lililolimwa juu yenu.

JINSI YA KUSOMA DAFTARI LAKO

Usilinganishe mto wako na mto wa mlimani. Mto wa mchanga kwa asili hauna wadudu wengi wa mawe. Ulinganishe na wenyewe: juu na chini ya malisho yenu, mwaka huu na mwaka jana. Kisha tazama ni kundi gani limepungua.

Dalili ya kinyesi kingi. Kinyesi kikizidi majini, vijidudu vinavyokiozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo kwenye maji. Kundi la kwanza huondoka, la pili hupungua, na la tatu huongezeka sana, hasa vijiminyoo vyekundu na mabuu yenye mkia wa panya. Mawe hufunikwa na utelezi wa kijani.

Lakini kumbuka kuwa ng'ombe si wao peke yao. Katika Mto Mara na vijito vyake watafiti walikadiria kuwa viboko zaidi ya 4,000 huingiza majini takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa madimbwi yenye viboko wengi huishiwa kabisa na oksijeni, na mvua kubwa inapoyasukuma maji hayo kwenda chini, samaki hufa. Kwa hiyo kabla ya kulaumiwa au kujilaumu, tazama mahali pa juu pakoje. Kama hapo juu yenu wadudu wa kundi la kwanza tayari hawapo, uchafu umeanzia mbele zaidi. Kama juu wapo wengi na chini hawapo, basi tatizo liko kwenu, na mna uwezo wa kulirekebisha.

Dalili ya dawa. Dawa nyingi za kuogesha mifugo dhidi ya kupe, hasa zile za jamii ya pareto ya viwandani, ni sumu kali mno kwa wadudu wa majini, kaa na samaki, hata zikiwa kidogo sana. Hilo si ajabu, maana zimetengenezwa kuua wadudu na kupe. Zikiingia mtoni, wadudu wa kundi la kwanza na la pili hufa kwa ghafla pamoja na kaa, huku konokono na minyoo wakibaki, kwa sababu hao huzivumilia zaidi. Ukikuta maji maangavu yasiyo na harufu, lakini chini ya mawe hakuna chochote ila konokono, shuku dawa. Usinyweshe hapo hadi umemwona afisa mifugo.

Dalili ya matope. Ukingo ukimomonyoka kwa kukanyagwa au kulimwa, udongo laini hujaza nafasi zilizo chini ya mawe. Wadudu bapa hukosa makazi, hata kama maji hayana sumu wala kinyesi kingi. Wanaobaki ni wale wa kuchimba matope.

Dalili hizi zinakuonyesha pa kuanzia. Kuthibitisha sumu ni kazi ya maabara. Lakini afisa akifika akakuta daftari lenye tarehe, atajua achukue sampuli wapi na atafute nini.

MALAMBO NA MADIMBWI

Maji yaliyosimama yana wadudu wake. Usitumie makundi matatu ya hapo juu kuhukumu lambo, kwa sababu wadudu wa mawe hawaishi humo hata likiwa safi. Angalia mambo haya:

Kereng'ende, mbawakawa wawindaji na wadudu wanaoogelea chali ni marafiki zako. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Lambo lenye majani kidogo ukingoni huwa nao wengi. Baadhi ya kereng'ende hao wametoka mbali: mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alieleza jinsi kereng'ende wa manjano wanavyovuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia visiwa vya Maldivi, hadi Afrika Mashariki wakifuata upepo wa mvua. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wao hukomaa kabla dimbwi halijakauka.

Konokono wa maji hubeba minyoo ya ini. Mifugo hupata minyoo hiyo kwa kula majani ya kandokando ya maji yenye konokono hao. Ukiwakuta wengi, mweleze afisa mifugo ili apange muda wa kuwapa mifugo dawa.

Mbu wa mabonde. Aina fulani za mbu hutaga kwenye udongo wa mabonde yanayofurika. Mayai hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, na mvua kubwa ikija huanguliwa kwa wingi yakiwa na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua watu na mifugo Kenya na Tanzania. Mvua zikizidi na kondoo au mbuzi wakaanza kutupa mimba kwa wingi, toa taarifa mara moja. Usishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, usichinje wala kula mnyama mgonjwa.

Utando wa kijani. Juu ya lambo ukionekana utando kama rangi ya kupaka iliyomwagika, huenda ni mwani wenye sumu unaoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usinyweshe.

YALE AMBAYO WADUDU HAWAWEZI KUKUELEZA

Mto wenye wadudu wa kundi la kwanza ni mto wenye afya, lakini haimaanishi kuwa binadamu anaweza kunywa maji yake hivyo hivyo. Wadudu hawaoneshi vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Hawaoneshi pia floraidi, chumvi inayoharibu meno na mifupa katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Maji ya nyumbani yachemshwe au yawekewe dawa ya kusafisha maji. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Pima maji ya kisima kabla ya kuyategemea.

LA KUFANYA UKIONA MABADILIKO

1. Nyweshea kwenye birika. Vuta au chota maji hadi kwenye birika lililo nje ya mto, ili mifugo isikojoe na kunya majini. Pasipo birika, tengeni njia moja ya kuingilia, yenye mawe au changarawe, na muache sehemu nyingine ya ukingo ipumzike.

2. Osha bomba la dawa mbali na maji, mahali ambapo mvua haitayasukuma maji hayo kwenda mtoni au lamboni. Usimwage maji ya josho kwenye korongo. Ng'ombe aliyetoka kuogeshwa akauke kwanza kabla ya kwenda mtoni. Chupa tupu za dawa zisitupwe majini wala zisichotewe maji.

3. Acha majani na miti ya ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na mabwawa. Ombeni kijiji kiwatengee mapito rasmi ya kufikia maji, ili sheria hiyo isiwe sababu ya ugomvi kila kiangazi.

4. Toeni taarifa kwa afisa mifugo, kwa Jumuiya ya Watumia Maji ya eneo lenu, na kwa ofisi ya bonde la maji. Pelekeni daftari, si maneno matupu.

MWISHO

Anzeni na watu wawili au watatu katika boma: mmoja wa kuchota, mmoja wa kutambua, mmoja wa kuandika. Mtoto aliye shuleni anaweza kuwa mwandishi mzuri. Mwaka wa kwanza daftari litaonekana kama orodha ya vijidudu tu. Mwaka wa pili mtaanza kuona kitu. Mwaka wa tatu mtakuwa na habari za kijito chenu ambazo huenda hakuna ofisi yoyote iliyo nazo.

Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, na watu wa juu na wa chini ya mto hukutana kuzungumzia maji yao. Nendeni na daftari lenu. Likianza neno la nani kachafua mto, lifungueni, someni tarehe, na semeni mlichokikuta chini ya mawe.